Jeneza la Baba Lavuka Mto

Kijiji cha Juu, Maotan
3 Machi 1986

Shikamoo Baba,

Mgongo unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila msiba umetufika. Mama mkwe amefariki jana, ghafla, akimenya viazi. Najua hukutaka niolewe na Mmiao, mtu wa kabila jingine, na tangu harusi hujajibu barua zangu. Leo naomba kitu kimoja. Watu wa huku hawatengenezi jeneza mtu akiwa hai. Wanaona ni kujiitia kifo. Sasa mvua imefunga njia ya msituni na mbao hakuna. Tuazime lako ulilojiwekea.

Binti yako,
Yulian

Bondeni
4 Machi

Yulian,

Mgongo ni uleule. Poleni.

Maotan ina vituko, makabila matatu na kila moja na jeneza lake. Gatini Wahan wanauza majeneza ya mbao laini, yakinyeshewa mara moja yanaachia. Sisi Watujia tunajiwekea letu mapema na kulipaka rangi kila mwaka. Wamiao wako wanangoja wafe kwanza, halafu wanahangaika. Siku ya gulio wote tunakanyagana kwenye kivuko kimoja, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mama huyo alitangaza gulioni kwamba Watujia tuna maneno mengi kuliko mchele. Nimpe jeneza langu? Thubutu!

Baba

Kijiji cha Juu
9 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako ilifika tarehe tano asubuhi, nikalia. Jioni hiyohiyo mzee Qin wa kivuko akatushushia jeneza, paka wako akiwa amelala ndani. Nikacheka katikati ya matanga, mawifi wakanikodolea macho.

Tumemzika vizuri. Mume wangu amepata mbao nzuri sasa, na anajua kwenu aliyeazima jeneza hurudisha jipya. Fundi anauliza urefu wako. Nimeusahau, Baba, na hilo limeniuma kuliko msiba.

Yulian

Bondeni
12 Machi

Mwanangu,

Nilipomkabidhi Qin ile barua, nilirudi nyumbani nikaona aibu. Aliporudi kutoka kwenu, nikamwita tena gatini kabla hajapakia chumvi ya Wahan.

Kuhusu mchele, marehemu alisema kweli. Mpeni paka samaki, viazi hali.

Urefu wangu wa zamani hautawasaidia, nimepungua. Nitakuja mwenyewe nipimwe, siku ya gulio nikishauza kabichi. Barua zako za zamani sikuzifungua; Qin ananiambia una binti, na anatembea tayari. Usimwambie nimefuata jeneza. Mwambie nimekuja kumwona yeye.

Babu yake