Nafasi ya Preston

Ijumaa, 13 Desemba

Majibu ya chuo yametoka jioni. Preston Ackley wa darasani kwetu amechukuliwa. Mimi nimeahirishwa — wataamua Machi, wakishaona alama za muhula huu. Si ndiyo, si hapana. Afadhali wangenikata tu!

Kapiga kelele hadi maegesho yote ya shule yakamsikia. Kisha akanigeukia: pole, Bibi C. Jina hilo alinibandika darasa la tisa, mwaka ule Baba alipotuhama nami nikavuna C kila somo, na D ya hesabu. Nimepanda tangu hapo kwa jasho langu. B, halafu A. Kwake bado ni Bibi C.

Naapa, atanitambua.

Jumatatu, 6 Januari

Nimeenda kwa Bi Dorsey, mshauri wa wanafunzi. Nikamuuliza waziwazi: nafasi ninayo au sina? Akasema chuo hakitazami wastani peke yake, kinatazama unaelekea wapi. Anayepanda wanampenda. Ule mtihani wa ACT wa kuombea chuo niliorudia umenisaidia pia, kutoka 26 hadi 31 kati ya 36. Ila muhula huu nisiteleze hata kidogo.

Na anayeshuka? Huyo wanamwogopa. Hata kama wameshamkubali, wanaweza kumfuta.

Wanaweza kumfuta! Sikusikia kingine tena.

Preston alipata 34, sawa. Lakini tangu akubaliwe hajafungua kitabu. Kila siku sweta la chuo, lile lile, mpaka linanuka.

Alhamisi, 9 Januari

Jaribio la hesabu limerudishwa. Mimi 96. Preston 46!!

Na kosa lenyewe — jamani! Hesabu tunazofanya sasa, kila jibu lazima liishie na +C, alama ya namba isiyojulikana. Ukiisahau, Mwalimu Bartosz anakata nusu ya maksi. Preston kaisahau kila swali. Miaka yote C ilikuwa mdomoni mwake, leo haioni! Nimecheka hadi nikapaliwa na maziwa.

Jumanne, 14 Januari

Leo hakuna sweta. Kanifuata kwenye kabati langu, kaniita Ingrid. Kumbe jina langu analijua! Ana D ya hesabu. Bi Dorsey kamwambia alama zinatumwa chuoni mwisho wa mwezi, ajiokoe kwenye mtihani wa muhula. Eti nimfundishe.

Nilitaka kumwambia akafie mbele. Badala yake nikamwambia aje kwetu Jumapili. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumapili, 19 Januari

Mtihani ni Jumatano. Preston yuko hapa tangu mchana. Mama kampakulia viazi na nyama ya oveni mara mbili, na anamwita mwanangu. Mwanangu!

Kwao hawajui kitu. Bibi yake kabandika bendera ya chuo dirishani, kawatangazia kanisa zima. Preston akajitia utani: nikifutwa, huenda nafasi yangu wakakupa wewe. Sikucheka. Nimeiombea nafasi hiyo kwa magoti.

Halafu akasema, macho kwenye karatasi: lile jina, Ingrid, nilikuwa mshenzi, nisamehe. Hapo ndipo hasira zilinipanda hasa. Miaka yote hiyo, ananilipa kwa sentensi moja akitafuna viazi vyetu!

Sasa yuko nje. Mama kamwomba aondoe theluji mlangoni. Preston kaniachia maswali kumi nimkagulie. Saba yako sawa, +C zote zipo. Matatu ya mwisho kakosea. Kageuza ishara — penye kutoa kajumlisha. Na maswali ya namna hii Mwalimu Bartosz hakosi kuyatoa.

Nimeyawekea tiki ya penseli yote matatu.

Ananiamini, huyu mjinga. Jumatano atayafanya hivi hivi, tena kwa raha zake, na mwisho wa mwezi chuo kitaona D.

Si nilitaka hivi? Nilitaka. Bado nataka!

Anakung'uta viatu mlangoni. Namsikia anamwambia Mama: Ingrid anaeleza vizuri kuliko mwalimu. Mama anacheka, anamwongezea chai.

Kifutio kiko hapa kando ya daftari. Anapanda ngazi. Bado sijakigusa —