Alama Niliyoipaka Rangi

Jumapili, 3 Machi

Nimefagia peke yangu. Mwezi wa pili huu tangu nimzike mke wangu, na bado nafagia kuzunguka kigoda chake kana kwamba amekikalia. Ya kutwa nilikuwa namsimulia yeye. Sasa nayaandika humu. Fundi rangi akionekana anazungumza na ukuta, watasema amerukwa na akili!

Jumanne, 5 Machi

Nimerudi kazini jua linazama, nikakuta ukuta wa mbele umechorwa. Mistari miwili myekundu, imekatana. Watoto! Na mkono wenyewe haujui brashi, rangi imechuruzika mpaka chini. Mke wangu angegomba mtaa mzima usikie, kisha angecheka. Mimi sikungoja. Kulikuwa na kopo lililobaki la rangi aliyoichagua mwenyewe — "maziwa yaliyoungua kidogo," ndivyo alivyoiita. Nimepaka mara mbili. Huwezi kujua kwamba palikuwa na kitu. Leo nitalala vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Loo! Si watoto.

Jirani yangu muuza mkaa, shoga yake mke wangu, kanijia asubuhi mikono kiunoni. "Shemeji, alama yako iko wapi?" Alama gani? Akanivuta mpaka barabarani. Nyumba zote za safu yetu zina mistari ile ile. Tangu msiba natembea nikitazama chini, sikuona hata mmoja. Anasema jana walipita watu wa mipango ya mji. Barabara inapanuliwa. Nyumba yenye alama itavunjwa.

Nikamwambia nilidhani ni watoto, nikapaka. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema: "Basi wewe umepona, shemeji. Funga mdomo."

Nimepona nini? Sielewi.

Ijumaa, 8 Machi

Seremala wa nyumba ya tatu hanisalimii. Nimemwambia habari za asubuhi, kanijibu: habari unazo wewe uliyeongea na wakubwa. Kinyozi naye kanirushia neno mbele ya wateja, kwa jina langu la utani: "Brashi, hiyo dawa umeitoa wapi? Tugawie na sisi!" Wakacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Lakini nyumba hii ni yangu kweli? Kiwanja tulionyeshwa na mzee mmoja, miaka ile, kwa mdomo tu. Aliyezungumza naye ni mke wangu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, napaka dari la watu. Niliporudi akaniambia: "Tumepata. Hapa ndipo pa kuzeekea." Sikuuliza pametoka kwa nani wala kwa masharti gani. Nilinawa mikono nikanywa chai. Mzee yule naye alishafariki. Wote waliojua habari za ardhi hii wako chini yake. Mimi niliye juu sijui kitu.

Jumapili, 10 Machi

Muuza mkaa kahamishia kwangu magodoro mawili na wanawe watatu. "Kwako hawavunji, shemeji." Ningekataaje? Nyumba ina kelele tena. Mdogo wao amekwenda moja kwa moja kukalia kile kigoda. Nilitaka kumwinua. Baadaye nikaona kinamfaa.

Jumatatu, 11 Machi

Mkutano uwanjani. Kaja binti mwanasheria, wa wale wanaotetea watu wasifukuzwe. Anasema makazi bora ni haki ya binadamu, hata asiye na hati. Mtu hatolewi kwake bila taarifa, bila kusikilizwa, bila kuonyeshwa pa kwenda. Tulipiga makofi. Kinyozi akauliza: hiyo haki, dada, tingatinga linaijua? Binti akacheka naye. Akasema haliijui, ndiyo maana tuidai mapema, na tuidai wote.

Kisha akasema jambo jingine. Alama ile ndiyo taarifa yenyewe. Mwenye alama anajulikana kwamba anaishi hapo, kwa hiyo lazima asikilizwe. Nikauliza, kama naulizia mtu mwingine: na asiye nayo? Akafikiri. Huenda hayumo kwenye mpango, atabaki. Au watasema hapo hapaishi mtu, na wakivunja hatakuwa na pa kuanzia kudai. Hana hakika, atauliza.

Muuza mkaa alinifinya mkono. Wanawe wako kwangu! Nilichofuta ni hukumu, au ni jina langu?

Jumanne, 12 Machi

Naandika nimesimama. Watu wa mipango wamerudi kuhakiki.

Mwenye kofia ngumu alisimama mbele ya ukuta wangu muda mrefu. Akaniuliza, kwa upole kabisa: mzee, nyumba hii iliwekwa alama au haikuwekwa? Kabla sijafungua mdomo muuza mkaa akadakia: "Haijawahi!" Seremala naye, kutoka ng'ambo: "Ilikuwepo! Niliiona kwa macho yangu haya!" Kama alitaka kunichongea au kuniokoa, sijui. Nadhani hata yeye hajui. Wakaanza kuzozana. Yule mtu akainua mkono. Anamaliza nyumba ya jirani, kisha atarudi, na jibu analitaka kwangu, mwenye nyumba.

Mwenye nyumba! Aliyeitwa hivyo ni mke wangu.

Nikisema ilikuwepo, huenda nimeivunja nyumba kwa mdomo wangu, na watoto hawa ndani. Nikisema haikuwepo, huenda nimesema kwamba sisi hatupo. Binti wa sheria hajafika. Mke wangu angekuwepo, angemjibu huyu kabla hajamaliza swali, na mimi ningekuja kuambiwa jioni kama tumeshinda.

 Mwenye kofia ngumu anakuja. Mlango uko wazi, lakini amesimama kizingitini, anabisha hodi. Nimesema karibu. Neno la pili bado sijalipata.