Paa la Mkwe

Jumanne jioni, Sori

Eti nihamie kwake Lambwe! Akinyi nimemzaa mwenyewe, na bado anasahau kwamba mama halali chini ya paa la mume wa binti yake. Nimemfokea kwenye simu mpaka chaji ikakaribia kuisha, na stima imepotea tangu asubuhi.

Kitanda nimekiinua kwa matofali. Unga nimeufunga kwa nailoni, uko juu ya kabati. Lakini maji ya ziwa yameshafika chooni. Naogopa, sitajidanganya.

Halafu mkwe mwenyewe akapiga. "Mama, nimekuombea chumba kwa jirani, nje ya boma letu."

"Paa si lako?"

"Si langu, Mama."

Huyo ana adabu kuliko binti yangu. Nilimwambia nitafikiria. Godoro nimeshalifunga.