Mayai Kifuani mwa Baba

Soufli, Ugiriki, 10 Aprili 1964

Mwanangu Evanthia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Mkwe wangu hajambo huko Ujerumani?

Miforsadi imechipua majani ya kuwalisha viwavi wa hariri, na mayai yao yanataka joto. Mama yako, Mungu amrehemu, aliyaweka kwenye kifuko kifuani mwake mpaka yakaanguliwa. Sasa nayabeba mimi, ndani ya fulana. Yakiharibika, mbegu aliyotuachia mama yako imekwisha.

Baba yako, Stergios

Stuttgart, 17 Aprili

Baba,

Nabusu mkono wako. Sisi hatujambo. Goti lipake mafuta.

Nimecheka kiwandani mpaka msimamizi akaja kuniangalia. Baba, wewe unapasua kuni na unalala kifudifudi! Mwombe Poliksena, yule mjane jirani. Tafadhali, ile mbegu isife.

Binti yako

Soufli, 27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mbegu imepona, heshima yangu ndiyo imekufa. Mwanamume anaanzaje kumwambia mjane, "Niazime kifua chako"?

Jana, Jumapili ya Matawi, kanisa lilifurika na mishumaa ikatupika. Nikiwa katikati ya kuwaimbisha watu zaburi, kama kawaida yangu, nikasikia vitu vinanitembea tumboni. Nikajikuna, sauti ikapotea, kasisi akanikata jicho. Poliksena akanivuta nje. "Stergios, vua shati kabla hujawaponda." Nikavua palepale mlangoni, watu wanatazama. Akawaokoa viwavi wachanga kwa unyoya, akaenda nao kwake kwenye trei. Mimi nawapelekea majani asubuhi na jioni. Watakayokuandikia watu, usiyaamini.

Baba yako

Soufli, 28 Juni

Mwanangu,

Salamu, mimi mzima. Leo naandika kwa haraka, nawahi kupeleka majani kwa Poliksena. Mwaka huu viwavi wana njaa sana.

Baba yako

Stuttgart, 6 Julai

Baba,

Nabusu mkono wako. Hatujambo.

Umesahau nimelelewa katikati ya trei hizo? Viwavi walioanguliwa Aprili hujifunga ndani ya vifukofuko vya hariri mwanzoni mwa Juni, na wakishajifunga hawali kitu. Sasa hayo majani anakula nani?

Nililia kidogo, nilimkumbuka mama. Halafu nikawaza jinsi ulivyokuwa unakula peke yako, na machozi yakakauka. Likizo yangu ni Agosti. Mwambie Poliksena asiweke tarehe kabla sijafika, na wewe, baba, siku hiyo usivue shati kanisani.

Binti yenu, Evanthia