Ng'oa Mihogo Yangu, Mama

Kwako Mama mpendwa,

Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekubali kukufikisha kanisani. Mimi huku Malindi mwili uko sawa. Kazi ya ujenzi ipo, jua nalo halina huruma. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu na kutaja mihogo, unasema mtandao ni mbaya, kisha unakata. Karatasi huwezi kuikata. Atieno, shemeji yangu, najua wewe ndiye utakayemsomea. Tafadhali soma yote, hata pale unapotajwa.

Mama, mihogo ile inaniuma. Mwaka jana, mvua ikikaribia, nilikuja nayo nikijiona mwana wa maana. Nilikata vijiti kwa mwenye nyumba wangu, nikaviachia majani machanga juu ili usiseme nimekuletea kuni. Nikavifunga kwa gunia bichi, nikavikumbatia ndani ya basi mpaka Kisumu. Kumbe chini ya majani yale nilibeba utitiri, wadudu wadogo mno, ukiwatazama unadhani ni vumbi.

Kiangazi uliniambia majani yana vidoa vya manjano na ncha za miti zimebaki na upara. Nikakujibu kama mtaalamu: ni jua tu Mama, subiri mvua. Sikujua lolote. Mwezi uliopita afisa wa kilimo alipita hapa, akageuza jani, akatuonyesha. Alisema wanastawi wakati wa ukame, wanapeperushwa na upepo, na wanasafiri na vijiti vya kupanda. Mwenye nyumba wangu aling'oa shamba zima siku hiyo hiyo, akachoma. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni, nikiwaza shamba lako la Kisian.

Kinachonichoma zaidi ni wema wako. Kwetu kijiti cha muhogo hakiuzwi wala hakinyimwi, na wewe ulimgawia kila aliyeomba baada ya ibada. Jirani yako Mama Pamela alipata, na sasa nasikia shamba lake limekauka kama lako, ila bado anakusalimia vizuri. Wewe ulitoa baraka, Mama. Aliyeitia ugonjwa ni mimi.

Wiki iliyopita Atieno alinipigia.

"Shem, hapa tumekwama. Mama hataki kung'oa. Na mimi siwezi panda kitu kabla yeye apande, unajua mila. Sasa mvua ikikuja tutaiangalia tu?"

Ana haki. Mbegu ya kwanza ya boma letu ni ya mkono wako. Ukikaa, boma zima linakaa. Nikamwuliza, Mama mwenyewe anasemaje?

"Anasema hiyo ni mihogo yako, ya Odhis wake, hakuna mtu ataigusa. Jioni anaenda huko kuongea nayo."

Hapo nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Tangu Baba atuache nimekuwa nikikutumia vitu: blanketi, redio, sasa mihogo. Mimi mwenyewe nikawa wa kuahidi tu, kila Krismasi kazi, kila Pasaka kazi. Hata ile mara moja nilipoleta vijiti, nililala siku mbili nikarudi. Ukamkosa mwana, ukashika miti yake. Naona aibu, Mama.

Sasa nakuomba: ng'oa. Mizizi iliyokomaa ichimbeni muile, lakini miti na majani choma hapo hapo shambani, usimpe mtu hata kijiti kimoja, hata akikuomba kwa magoti. Atieno amepata vijiti safi kule Bondo. Panda wewe kwanza, naye afuate kabla mvua haijatupita. Mama Pamela mwambie achome pia, na umwambie mkosaji ni Odhiambo, si wewe.

Nisalimie ndugu yangu Owino, mume wa Atieno, mwambie jembe halijawahi kumng'ata mtu. Salamu kwa mchungaji, na kwa Mama Pamela, kama bado anazipokea.

Nimeomba ruhusa kwa fundi mkuu, nauli nimeshalipa. Mvua haitafika kabla yangu. Usinichinjie kuku, usiazime viti. Nikishuka pale barabarani nikaona shamba limebaki udongo mtupu, nitajua umenisamehe.

Mwanao,
Odhiambo