Kijani Kilipoishia Kaloleni

Kaloleni, Jumamosi, mwaka wa arobaini tangu tuhame hapa.

Mama Akinyi mpenzi,

Kuna manyunyu mepesi, na mtaa wote umelainika kama kitu ninachokiota. Binti anayepima jinsi watu wanavyoifikia zahanati alinionyesha ramani yake, iliyopakwa kijani panapofikika kwa miguu: kijani kilitiririka kutoka mlangoni pa zahanati, kikifuata vichochoro tulivyopita tukichumbiana, kikaishia pale mgonjwa anapochoka kutembea. Nikamwonyesha nyumba tunayotaka kukodi uzeeni.

"Si ni hapo tu nyuma ya zahanati?" nikamuuliza.

"Kwa ndege arukaye, ndiyo, guka," akaniita babu kwa Kikuyu. "Kwa miguu kuna ukuta, mpaka uzunguke barabara kubwa."

"Mke wangu hutembea kwa mkongojo."

"Basi mtafutie mabawa," akacheka, kisha akanimegea andazi lake.

Kijani hakikuifikia nyumba ile. Jifunike magoti jioni, mpenzi wangu. Hatutarudi kuishi Kaloleni.