Mafuta ya Utando

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kuuma na karakana haikosi wateja wa milango na vitanda. Mimi mzima wa mwili, ila kuna jambo limeniondolea hamu ya kula.

Juzi kwenye maabara ya chuo tulikuwa tunasoma utando wa seli. Kila seli mwilini imevikwa ngozi nyembamba ya mafuta, tabaka mbili. Seli ikichakaa mwili huila, na mafuta yale huvunjwavunjwa na kimeng'enya, kemikali ya mwili ya kuyeyusha mafuta hayo. Mwalimu akatuambia tupime damu zetu wenyewe. Kimeng'enya changu kikawa nusu ya cha wenzangu. Akapima tena kwa mkono wake, vile vile. Akasema, "Wewe hutaumwa. Lakini asiye nacho kabisa, mafuta hujazana kwenye bandama na ini. Tumbo linavimba, mifupa inauma, pua inatoka damu ovyo."

Baba, dalili hizo nazijua. Nilimwona mdogo wangu, Fundi Mdogo wetu, alivyokuwa kabla hajafa. Nilikuwa na miaka saba tu. Niambie unachokumbuka.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikashindwa kuendelea na mlango wa mteja.

Ni yeye huyo uliyemwelezea. Tumbo gumu kama ubao, miguu kama vijiti, anaamka shuka lina damu ya pua. Miaka minne tu. Tulipokwisha kumzika nilisimama mbele ya kaka zangu nikasema mama yako ndiye aliyemmaliza, kwa chakula kibovu na dawa za mitishamba. Ndiyo maana aliondoka. Nilipokuambia alituchoka, nilikudanganya.

Kama ugonjwa ulitoka kwenye damu ya mama yako, basi sikukosea sana. Niandikie hivyo.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne nikidhani macho yananidanganya. Miaka kumi na minne nimemchukia mama kwa kutukimbia.

Siwezi kukuandikia hivyo. Mtoto haumwi mpaka arithi kasoro hiyo kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Humu nimeweka kadi yenye miduara minne. Muuguzi wa zahanati akuchome kidole, aijaze damu, ikikauka unirudishie.

Mwanao

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kadi imefika peke yake, bila hata mstari mmoja. U mzima?

Kasoro unayo, baba. Mwalimu amepima mara mbili. Hakuna mwenye kosa katika hilo, si wewe si mama. Mlizaliwa nayo kama mlivyozaliwa na vidole. Ila maneno uliyoyasema mbele ya akina baba mkubwa, hayo ni yako.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe ukimya.

Niliulizia mpaka nikafika kwa mama yako. Anashona sare za shule katika chumba chenye cherehani mbili. Nikamweleza kila kitu: utando, mafuta, kadi. Nilidhani atalia. Akakata uzi, akasema, "Najua. Majibu ya damu ya mtoto yalitoka hospitali wiki ile ile tuliyomzika. Daktari alisema ugonjwa umetoka kwangu na kwako. Nikakufuata karakana, nikakuambia. Hukuzima msumeno."

Nikamwambia sikusikia.

Akasema, "Uliitikia kwa kichwa."

Na kibaya zaidi, mwanangu, sasa nakumbuka. Alikuwa ameshika karatasi, anainyoosha tumboni juu ya kanga yake ili niisome. Mimi nilikuwa natazama mbao.

Jumapili iliyopita niliwaita kaka zangu nikasema yote, nimesimama pale pale niliposimama siku ile. Mkubwa wao akauliza kwa nini nafukua ya zamani. Nikamjibu kwamba niliyemsingizia bado yu hai. Wakavaa viatu mmoja mmoja wakaondoka, hakuna aliyeniaga.

Mama yako hajanisamehe, na sikuthubutu kumwomba. Alichoomba yeye ni kimoja tu: kama una mchumba, naye apimwe. Anwani yake ni hii hapa chini, kaiandika kwa mkono wake.

Baba yako